Isinyeshe Mpaka Ledi Apimwe

Mashine ya Dakitari Elkanah ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, na ukiisikia ikilia ungedhani kuna mama anasaga mahindi ya mwaka juzi. Aliibana kwenye ukingo wa meza, akatia ndani vineli vya kioo vyenye damu ya farasi, akazungusha mpaka jasho likamtoka puani. Nchagwa, saisi wa kambi, mtunza farasi, alisimama mlangoni na burashi yake mkononi. Kila mwezi kwa miaka miwili alikuwa akiitania mashine hiyo. Leo alivitazama vineli tu.

Ilikuwa mwanzo wa Februari, mwaka wa sitini na saba, na kiangazi kilikuwa kimekaa Migori kama mgeni asiyejua kuaga. Nyasi za kambi, pale ng'ambo ya daraja, zilivunjika zikikanyagwa. Farasi walikuwa wawili, Meja na Ledi, wa doria ya mpakani, wa kuwafuata ng'ombe wanaoibwa. Zamani walikuwa watatu. Sajini alishikwa na malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, akapigwa risasi nyuma ya stoo, na mji mzima ukaja kutazama kana kwamba kuna harusi. Watu walizungumza habari hiyo mwezi mzima. Nchagwa hakula siku mbili.

Mashine ikanyamaza. Elkanah akachomoa neli ya kwanza. Damu ilikuwa imejitenga, nyekundu chini, maji ya njano juu. Akaweka rula.

"Meja, thelathini kwa mia. Januari alikuwa thelathini na mbili." Akaandika kwenye daftari. "Sawa. Ni kiangazi hicho."

Jambo hilo alikuwa amemweleza Nchagwa mpaka amechoka: damu ya farasi hufuata mvua. Majani mabichi yakiota, inakuwa nzito. Jua likikaza, inapungua, mbili, tatu, halafu mvua ikirudi nayo inarudi.

"Na Ledi?" Nchagwa aliuliza.

Elkanah alipima. Akapima tena. Akaipeleka neli dirishani kwenye mwanga, akapima mara ya tatu.

"Ishirini na tatu."

"Labda rula imeteleza, Dakitari."

"Rula haitelezi, omera. Mwezi jana alikuwa thelathini na moja. Kiangazi hakiwezi kula nane kwa mwezi mmoja. Kiangazi hakina meno hayo." Akainama juu ya darubini yake akachungulia kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa. "Wadudu siwaoni. Lakini hata kwa Sajini sikuwaona siku ya kwanza. Wanajificha hao."

"Kwa hiyo?"

"Amri unaijua. Chini ya ishirini na nne, farasi hakai hapa kuwalisha mbung'o wakamchome na mwenzake. Jumatatu nikifika ofisini Homa Bay naandika barua, Jumatano askari anakuja na bunduki." Akafunga daftari. Hakuwa mtu mkatili. Alimtazama Nchagwa, akaongeza kwa sauti ya chini, "Pole. Najua ni kama mtoto wako."

Nchagwa akaitikia kwa kichwa tu. Maana alijua damu ya Ledi ilikokwenda. Ilikwenda kwenye shimo la majivu nyuma ya banda, nusu debe nzima, siku tisa zilizopita, na yeye ndiye aliyeshika kamba.

Mambo yalikuwa hivi. Mwisho wa Januari Ledi alianza kusimama vibaya: kichwa chini, miguu imevimba kidogo, ndoo ya maji anainusa na kuiacha. Ikatokea kwamba mjomba wake Nchagwa, mzee Mirumbe, alikuwa amekuja kusalimia. Huyu Mirumbe kwao Bukira alikuwa na jina. Ng'ombe wa nani akizubaa wakati wa kiangazi, aliitwa yeye na upinde wake mdogo, na ule mshale uliofungwa kigingi usizame mno. Shingo inakazwa kamba, mshipa unavimba, tap! Damu inaruka ndani ya kibuyu, mnyama anapata nafuu, na watu wa nyumbani wanapata cha kuchanganya na maziwa.

"Huyu amezidiwa na damu, mura," Mirumbe alisema, akimpapasa Ledi shingoni. "Nzito. Inamlemea kichwa."

Nchagwa alikuwa na miaka miwili ya maneno ya Elkanah masikioni. Lakini Ledi alisimama vile vile, kabisa kabisa, kama dume la baba yake mwaka ule wa njaa, na dume lile lilipona. Mkono ukaitangulia akili. Akaleta kamba. Walipomaliza, Mirumbe alitaka kuichukua damu nyumbani ikapikwe.

"Mjomba! Huyu ni wa serikali!"

"Basi serikali inamwaga chakula," mzee alisema, akanuna njia nzima.

Na kweli, kesho yake Ledi alikunywa maji. Nchagwa alijiona daktari. Kidonda akakipaka majivu, akakilazia manyoya ya shingo, upande wa kushoto. Asubuhi hii Elkanah alipokuja na sindano yake, yeye aliyezoea kutoboa kushoto, Nchagwa alimgeuza farasi haraka. "Leo mtoboe kulia, Dakitari, upande ule ana wasiwasi." Elkanah hakuuliza. Mtu humwamini saisi wake.

Jioni hiyo Mellen, mke wa Nchagwa, alimwekea ugali, akamwona anaukanda tu bila kuula. Mellen alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba ile ya mabati ya kambini ilijaa: mama mkwe wa Nchagwa, dada wawili, binamu aliyekuja kwa wiki moja tangu Krismasi.

"Ukisema," Mellen alisema baada ya kusikia yote, "tunatoka hapa."

"Ndiyo."

"Na mjomba anaweza kufungwa. Kumpiga mshale mnyama wa serikali!"

"Mjomba sitamtaja."

"Na usiposema?"

Nje, kwenye banda, Ledi alipiga kwato ukutani mara mbili, kama alivyozoea akisikia sauti ya Nchagwa. Mellen akavuta pumzi, akaanza kukusanya vyombo kwa kishindo.

"Lori la pamba la Homa Bay linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema bila kumtazama. "Vaa shati lile jeupe."

*

Lori lilipita Rongo, likaharibika mara moja, likafika Homa Bay saa saba mchana, jua likiwa limelala juu ya ziwa kama bati jipya. Njia nzima Nchagwa alikuwa amepanga maneno. Angemwita Elkanah pembeni, wawili tu, wanaume kwa wanaume.

Alipofika nyumbani kwa Dakitari akakuta viatu mlangoni hadi havina pa kukanyagia. Watu walikuwa wametoka kanisani. Wageni wa kutoka Kendu Bay, mashemeji wa Oyugis, mama yake Elkanah, mama Phelesia, katikati ya kochi kama chifu, na Teresa, mke wa Elkanah, akiingia na kutoka na sahani za samaki. Maneno yalikuwa yakiruka kutoka ukuta hadi ukuta.

"Karibu, karibu! Huyu nani?"

"Ni mtu wangu wa farasi, wa Migori," Elkanah alisema, akashangaa. "Kuna nini?"

"Nilikuwa naomba tuongee kidogo nje."

"Kwanza ule," Teresa alisema, na sahani ikawa tayari magotini mwake. Hakuna anayetoka kwa Teresa na tumbo tupu.

"Ni kweli farasi wanakula sukari?" shemeji mmoja aliuliza.

"Anakula, baba."

"Na sisi chai tunakunywa na chumvi! Yawa!" Nyumba ikaangua kicheko. Mwingine akauliza kama farasi analala akiwa amesimama, mwingine akauliza mshahara wake. Nchagwa alijibu, na kila alipomtupia Elkanah jicho, Elkanah alikuwa akivutwa na mtu mwingine. Saa ikapita. Lori la kurudi lilikuwa la saa tisa.

Mama Phelesia ndiye aliyemwona. Wazee wa namna hiyo hawapitwi na kitu.

"Nyamazeni," alisema. "Mtu hatoki Migori Jumapili kwa sababu ya samaki. Sema, mwanangu. Hapa ni nyumbani."

Mpaka Teresa alisimama na sufuria yake. Nchagwa aliona macho ishirini, akaona kwamba pembeni hakuna tena.

"Dakitari, damu ya Ledi haikuliwa na mbung'o. Ilimwagwa."

"Ilimwagwa na nani?"

"Na mimi. Kwa mshale, shingoni, kama ng'ombe wa kwetu. Nusu debe."

"Yawa!" Mtu aliacha kijiko kikaanguka.

Elkanah alisimama polepole. "Nusu debe. Kwa nini?"

"Alizubaa, Dakitari. Nikadhani damu imemzidi."

"Imemzidi! Kiangazi ndipo inapungua, Nchagwa! Nimekuambia miaka miwili! Nimekuonyesha daftari!"

"Uliniambia, na nilisikia. Lakini nilipomwona vile, nilimwona dume la baba. Daftari sikuliona."

Mashemeji wakaanza kucheka, halafu wakaona uso wa Elkanah, wakakatiza. Mama Phelesia tu ndiye aliyetikisa kichwa taratibu. "Hata baba yangu alitoboa ng'ombe wakati wa kiangazi," alisema. "Mimi nimekunywa damu hiyo nikakua. Lakini farasi! Farasi, mwanangu!"

"Na nitajuaje," Elkanah alisema, "kwamba hunidanganyi ili nisimpige risasi? Ungependa ungesema hata umeinywa."

"Kuna kovu. Upande wa kushoto, chini ya manyoya. Ndiyo maana jana nilikugeuzia wa kulia."

Jambo hilo lilimwuma Elkanah kuliko damu yenyewe. Unaweza kusamehe mshale. Lakini kugeuziwa farasi na mtu unayemwamini, na ukageuka naye!

"Kovu ni kovu," alisema mwishowe. "Farasi anaweza kutobolewa na bado akawa na malale. Sikiliza. Ninaweza kuizuia barua wiki tatu, si zaidi. Kama ni malale, damu itaendelea kushuka. Kama ni mshale wako, itapanda yenyewe, hata katikati ya jua hili, wakati Meja anashuka. Hapo nitajua. Lakini iwe kiangazi! Mvua ikija, majani yakichipua, kila farasi hupanda kidogo, hata mgonjwa. Nikimkuta amepanda baada ya mvua, sitaweza kuweka sahihi yangu. Amri itabaki amri."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa yote. Nikiandika ulichosema, kazi huna. Utamshika mpaka siku ya kupimwa kwa sababu hakubali mkono mwingine. Nitakuletea kijana mmoja, Kerosi, ajifunze kwako. Baada ya hapo unatoka. Niandike?"

Nchagwa aliiweka sahani chini, kwa uangalifu, isiguse kiatu cha mtu.

"Andika, Dakitari."

*

Basi ikawa wiki tatu za vichekesho visivyochekesha. Migori yote ilikuwa ikiomba mvua. Kanisani waliomba, sokoni waliomba, wazee walikaa wakitazama upande wa mlima wakihesabu siku za kupanda. Nchagwa peke yake alikuwa akiomba isinyeshe. Hata mama mkwe, aliyekuwa na shamba limeshalimwa likisubiri, alimkuta asubuhi moja amesimama uani, akilitazama wingu kama mtu anayemtazama mwizi.

"Unaliangaliaje hivyo wingu la Mungu?"

"Naangalia tu, mama."

Kerosi alikuja na sanduku lake, kijana wa Kisii, mwenye domo la kutosha watu watatu, akawekwa kwenye nyumba ile ile iliyokuwa imejaa. Mtu aliyekuja kumrithi kazi alikula mezani kwake, na Mellen akampakulia. Ubaya ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Alicheka vizuri, alichota maji bila kuombwa, na baada ya siku nne Ledi alianza kumruhusu amguse puani. Nchagwa alifurahi, na furaha yenyewe ilimkereketa.

Amri za Elkanah zilikuwa zile zile: majani yale yale, maji yale yale, hakuna sukari, hakuna kubembeleza kwa pumba.

Wiki ya kwanza Ledi alikuwa mzito. Nchagwa alimfungua mdomo kila asubuhi akatazama ufizi: mweupe, kama wa mtu aliyeona mzimu. Wiki ya pili akaona, au akadhani ameona, wekundu kidogo. Akamwita Mellen atazame.

"Ni mwekundu?"

"Mimi ninajuaje ufizi wa farasi? Uko kama ufizi."

Akamwita Kerosi. Kerosi akasema ni mwekundu. Kesho yake akasema si mwekundu sana.

Wiki ya tatu ilianza kwa radi. Jumanne wasafiri walileta habari kwamba Oyugis imenyesha. Jumatano wakasema Rongo. Upepo ukageuka, vumbi likasimama barabarani, kina mama wa sokoni wakaanza kufunika vitu vyao huku wakipiga vigelegele. Nchagwa alikaa kwenye kizingiti cha banda, mikono kati ya magoti. Tone moja lilipiga bati. La pili. Akafumba macho. Upepo ukalichukua wingu lile, likavuka mto, likaenda kumwaga mbali huko mpakani.

"Limetukosa!" mama mkwe alilia.

"Limetukosa," Nchagwa alisema, na ilibidi ajifanye anakohoa.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupimwa, mzee Mirumbe alitokea. Alikuwa amesikia. Nani hakuwa amesikia? Alikaa kwenye gogo, akazungusha fimbo yake.

"Hukunitaja," alisema.

"Sikukutaja."

"Nimekuletea njia basi. Farasi akikimbia damu yake hupanda. Huyo dakitari wako alikwambia mwenyewe, sivyo?"

Ilikuwa kweli. Elkanah kila mara alipima asubuhi kabla hawajatoka, kwa sababu farasi akishtuka au akikimbia, damu aliyoiweka akiba tumboni inamwagika mwilini na kipimo kinaruka.

"Kesho alfajiri nitatupa debe tupu nyuma ya banda," mjomba alisema. "Kelele kidogo tu. Nani atajua? Kerosi analala kama gogo."

Nchagwa alimwona Ledi akitingisha mkia, akimfukuza nzi asiyekuwepo. Kelele kidogo tu. Halafu akamkumbuka Elkanah pale sebuleni, uso wake alipoambiwa habari ya upande wa kulia.

"Kama ana malale kweli, mjomba, Meja naye atakufa," alisema. "Na mimi sitamgeuzia yule mtu farasi tena."

Mirumbe alinyanyuka, magoti yakilia. "Nyinyi watu wa serikali," alisema, lakini hakununa.

*

Elkanah alifika Jumamosi saa moja asubuhi, anga ikiwa nyeusi mpaka kuku hawakutaka kutoka. Hakusalimu sana. Alienda moja kwa moja upande wa kushoto, akanyanyua manyoya, akakitazama kile kikovu cha mviringo kama kifungo cha shati, akakigusa kwa kidole gumba. Kisha akatoboa hapo hapo karibu. Nchagwa alishika kichwa cha farasi, shavu lake kwenye shavu la Ledi, akihesabu pumzi za mnyama kwa sababu zake hazikuhesabika.

Ndani, mashine ikaanza kulia. Mlangoni walijaa Mellen, mama mkwe, Kerosi, binamu, hata mpishi wa askari na mwiko wake. Hakuna aliyetania.

"Meja," Elkanah alisema. "Ishirini na nane. Ameshuka."

Akachomoa neli ya pili. Rula. Akaipeleka dirishani, lakini dirishani hapakuwa na mwanga, wingu lilikuwa limefunika. Akawasha kiberiti. Kiberiti kikazimika. Akawasha kingine.

"Ishirini na saba."

"Amepanda?" Mellen aliuliza.

"Nne," Elkanah alisema. Akachungulia darubini, akachungulia tena, akajinyoosha. "Nne, kwenye jua kama hili, kwa majani makavu kama makuti. Mgonjwa hawezi." Akafungua daftari, akaandika taratibu. Nchagwa aliona anaandika mistari mingi, akajua mingine ni yake.

"Ledi anabaki," Elkanah alisema. Kisha akanyoosha mkono kumwelekea Kerosi, na Nchagwa akaelewa, akampa Kerosi burashi.

"Ukimpiga burashi anza miguu ya nyuma," alimwambia. "Sikio la kulia usimguse kabla hajanywa. Na akisimama kichwa chini wakati wa kiangazi..."

"Nisimtoboe," Kerosi alisema, akajiuma mdomo.

Elkanah alikohoa. Haikujulikana kama ni kikohozi au kicheko. "Akisimama kichwa chini, niite mimi."

Saa nne Nchagwa na watu wake walikuwa darajani, godoro kichwani kwa binamu, sufuria kwa mama mkwe, na Mirumbe akiwasubiri ng'ambo na punda wa kubebea mizigo kwenda Bukira. Tone la kwanza lilimpiga Nchagwa kwenye paji la uso, kubwa, la baridi. Halafu yakaja mengine, halafu yote. Vigelegele vikapanda kutoka sokoni. Mellen alimvuta mkono.

"Twende, godoro linalowa! Wewe unasimama kufurahi nini, na nyumba hatuna?"

Kutoka kambini, katikati ya kelele ya mvua, kwato zikapiga ukuta, mara mbili.

"Inyeshe, Mellen," Nchagwa alisema, uso wake juu, maji yakimwingia mdomoni. "Sasa inyeshe."